Mstari Niliouruka

Limbani,
S.L.P. 118,
Wete, Pemba.
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Maher,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wifi yangu Megan mzima, na Badar na Raniya wanakimbizana humo ndani mpaka majirani wanagonga ukuta. Mgongo wako je? Na baridi ya Cardiff imeshaanza? Tangu uliposema kwamba mnavaa soksi mbili mbili, Mama kila akipigwa na upepo wa asubuhi husema, "Maskini Maher na soksi zake."

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Sukari ya Mama imeshuka, magoti yanamsumbua akiinuka kwenye sala, na jicho la kushoto linaona ukungu, lakini ulimi u mzima kama ulivyouacha. Karafuu zimezaa, kila uwanja umeanikwa majamvi, na nguo zetu zote zinanukia. Maulidi ndiyo hiyo inakaribia, na Mama ameshaanza kugombana na watu juu ya mchele wa biriani.

Utajiuliza imekuwaje nikuandikie karatasi wakati simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza, Kaka. Wewe huwezi kusikiliza maneno kumi bila kutia lako. Isitoshe, barua hii inafuatana na furushi, na vyote viwili anakuletea Ustadh Hudhaifa, anayekuja huko kusoma. Nakuomba usilifungue furushi kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshalifungua. Basi lifunge tena.

Habari ya kwanza ni kwamba nimerudi shule. Usicheke. Mwalimu mkuu wetu anataka niendelee kufundisha Kiingereza darasa la sita, lakini kwa sharti nifanye mtihani wa sarufi ya juu, na nikianguka nitarudishwa kufundisha wale wadogo wanaojikojolea. Kwa hiyo tangu Mfunguo Mosi, Idi ilipopita, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nakwenda darasani kwa Mwalimu Abdulsamad. Ni mstaafu wa kule Msuka, mrefu, mkavu, na chaki huishika kwa vidole viwili tu kama mtu anayeogopa kuungua. Tuko kumi na wanane. Mimi nina miaka thelathini na tisa na si mkubwa wao.

Kaka, nilidhani Kiingereza nakijua. Nyinyi nyote mlinidanganya. Tangu nilipopata C yangu kidato cha nne, nyumba nzima ikawa inaniletea kila karatasi ya Kiingereza niisome, dawa, risiti, barua za benki, na mimi nikasoma kama niliyezaliwa nacho. Kumbe nilikuwa nimesimama ukumbini, nyumba yenyewe sijaiingia.

Nikueleze niliyoyaona huko ndani, maana wewe umekizoea hata hukishangai tena. Kwanza, Kiingereza hakina ngeli, maskini. Mtu, kiti, embe, vyote vinakwenda kwa mguu mmoja. Nikakionea huruma. Halafu nikakuta kwamba kisichokuwa nacho huku kinacho kule. Kina kale kaneno kadogo ka mbele ya jina, "a" au "the", kanakomwambia msikilizaji kama kitu hicho anakijua au hakijui. Sisi tunasema "mkeka" basi, na msikilizaji atajijua. Mwingereza hawezi kukuacha hivyo, lazima akwambie ni mkeka fulani tu au ni ule ule mnaoujua nyote wawili. Nilikaa wiki nzima nikihesabu vineno hivyo kwenye ukurasa mmoja wa kitabu. Subhanallah, vilikuwa sabini na vitatu, na kila kimoja kimekaa mahali pake.

Na "yeye" wetu hawanaye. Kwao huwezi kumsema mtu bila kutaja kama ni mwanamume au mwanamke. Nikamwuliza Mwalimu, sasa hawa wanasengenyaje? Akasema wanasengenya vizuri tu, ila wanashikwa mapema.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni mlango wa yale mambo yasiyokuwa. Wana namna maalumu ya kusema kitu ambacho kingalitokea lakini hakikutokea, na namna nyingine ya kitu ambacho bado kinaweza kutokea. Darasa zima tulikuwa tunavuja jasho. Mwalimu Abdulsamad akaweka chaki chini, akasema, "Nyie mnahangaika na nini? Bibi zenu wanaijua hino kuliko mie. Angalikuja, ndio keshakosa kuja, sahani zimeoshwa. Angekuja, bado unaweza kumwekea chakula."

Nilirudi nyumbani nikamsikiliza Mama. Wallahi nilikaa na daftari, nikijifanya nasahihisha kazi za watoto. Sisi wa siku hizi tunachanganya tu, -nge- na -ngali- kwetu mamoja. Mama hachanganyi. "Mvua ingalinyesha juzi, mihogo ingalishika." "Paka yuno angekaa kitako, ningempa kichwa cha samaki." Siku saba, hakukosea hata mara moja, na hajui kuandika zaidi ya jina lake. Nilimtazama mama yangu kama sijapata kumwona. Miaka yote hii kitabu kimekaa jikoni kinachambua mchele, na mimi nakwenda kukitafuta mjini kwa nauli.

Sasa naingia kwenye habari ya pili, na hapa naomba ukae kitako.

Unaukumbuka mkeka aliosuka Mama alipozaliwa Badar? Ule mdogo, wa ukindu wa rangi tatu. Alikaa nao miezi minne. Jicho lilikuwa limeshaanza ukungu, akawa anakaa mlangoni kufuata mwanga, jua likisogea naye anasogea. Mkeka ulipofika huko, wifi alimwandikia Mama kadi kwa mkono wake, ina picha ya maua ya manjano. Wewe uliijua kadi ile, labda uliiona akiiandika. Usilolijua ni jinsi ilivyosomwa.

Niliisoma mimi, sebuleni, mbele ya Mama na Bi Time na wanawake wengine watatu wa mtaani waliokuja makusudi kusikia mkamwana wa Kizungu kaandika nini. Nilisimama, Kaka. Ningeweza kukaa lakini nilisimama, kwa kujiona. Kadi ilianza hivi: "You shouldn't have." Nami nikafasiri neno kwa neno, kama tulivyofundishwa. Nikasema, "Anasema hukupaswa kufanya hivi." Mstari uliofuata nikasema, "Hapakuwa na haja ya kujitaabisha hivyo." Ukafuata mstari mrefu nisioufahamu. Nikauruka. Nikamalizia na salamu.

Bi Time alijitia kutazama kucha zake. Mama akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaikunja mara mbili, akasema, "Haya. Kama haina haja, haina haja." Kesho yake ukindu wote uliobaki, na ule uliokwishatiwa rangi, akampa Bi Time. Hakusuka tena.

Ulipopiga simu ukamwambia kwamba wifi ameufurahia mno mkeka, Mama alinigeukia baada ya kukata, akasema, "Maher ansetiri nkewe." Unamsetiri mkeo. Ndiyo sababu, Kaka, miaka saba kila ukipiga anakuuliza wewe, anauliza watoto, na wifi hamtaji. Ndiyo sababu mlipotaka kuja mwaka ule wa 2019 akasema nyumba inaezuliwa paa. Paa halikuguswa hata bati moja. Ndiyo sababu Raniya alipozaliwa hakupelekewa mkeka. Mwenyewe uliwahi kuniuliza Mama ana nini na mkeo, nikakujibu kwamba ni uzee tu. Sikujua. Lakini pia sikutaka kujua, na hilo nalo nalikiri.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Mwalimu alitwambia kila mtu alete sentensi ya Kiingereza aliyowahi kuisikia na isimwingie akilini. Yupo mwenzetu mmoja, Shaame, mtu mzima wa miaka hamsini, mhudumu wa hoteli ya watalii huko kaskazini. Akasimama akasema: "Mie nlimpelekea mama mmoja wa Kizungu sahani ya matunda, nimeipamba kwa mkono wangu, bure, kwa sababu keshaumwa na tumbo siku mbili. Akanambia, you shouldn't have. N'kaona nimekosea. N'kamwomba radhi, n'kairudisha jikoni."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alishika meza. Shaame akacheka naye, mpaka akafuta machozi. Mimi niliweka kalamu chini, nikaikumbuka kadi ya wifi.

Mwalimu alipopata pumzi akaeleza. Akasema maneno hayo kwa umbo lake ni lawama, lakini anayepewa zawadi akiyatamka yanageuka kuwa shukrani, na shukrani kubwa, ya mtu aliyeguswa mpaka anaona hastahili. Akatuuliza, "Nyie mtu akikuleteeni kitu mlangoni mnamwambiaje?" Darasa zima, bila kufikiri, likajibu kwa sauti moja: "Mbona umejisumbua!"

Mbona umejisumbua, Kaka. Mara ngapi tumeisema? Mara ngapi Mama kaisema akipokea bakuli la Bi Time kwa mikono miwili? Nani katika Pemba hii amewahi kuambiwa hivyo akachukua bakuli lake akarudi nalo? Watu wa upande ule wa dunia, na baridi yao na soksi zao, wana adabu ile ile ya mlangoni, ya kulaumu mkono huku unaubusu, na mimi niliishika mikononi nikaisoma kama hukumu. Sijapata kuona ajabu kama ile. Nilitamani nifurahi. Nililia, na darasa likadhani naumwa.

Kadi ile Mama hakuitupa. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na picha ya marehemu Baba. Nilipofika nyumbani nikaitoa, nikakaa chini ya dirisha, nikausoma ule mstari niliouruka. Sasa niliufahamu. Ni ule mlango wetu wa yasiyokuwa, wa -ngali-, sahani zilizooshwa. Wifi yangu aliandika: Natamani ningalikuwapo hapo, nikaiona mikono yako ikifanya kazi.

Nilizunguka na kadi ile siku tatu. Siku ya kwanza nilijiambia magoti yanamuuma, nisimzidishie. Siku ya pili kulikuwa na wageni. Siku ya tatu nilimkuta anachambua mchele, nikakaa mbele yake, nikamweleza yote. Sikujitetea. Nilimwambia, "Mama, Megan hakukosa. Niliyekosa ni mimi. Nilifasiri vibaya, na mstari mmoja niliuruka kwa sababu sikuufahamu, na niliona haya kusema sikuufahamu mbele ya watu."

Mama aliweka ungo chini. Kuku akaja akaanza kula ule mchele, naye hakumfukuza. Kisha akasema, "Miaka saba nimensema ntoto wa watu."

Nikamwambia, "Naam, Mama."

"Na weye ukanyamaza."

"Sikujua, Mama."

"Hukujua, ukasoma." Baadaye akasema, "Nisomee tena. Huno ulouruka."

Nikamsomea, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili. Akainua mikono yake akaitazama, upande huu na upande ule, kwa lile jicho zima. Akaniambia niende kwa Bi Time nikamwulize kama ukindu upo.

Basi yaliyomo kwenye furushi umeshayaona. Ni mkeka wa Raniya, uliochelewa miaka mitatu. Bi Time alichana ukindu na kuutia rangi, kwa sababu Mama rangi hazioni vizuri tena. Kusuka amesuka mwenyewe, kwa vidole zaidi kuliko macho. Nilikaa nikamtazama kila alasiri, kwa niaba ya wifi, na nimekuwekea video mbili kwenye simu ya Hudhaifa ili mwenyewe aione ile mikono.

Adhabu yangu nilipewa siku ya kwanza. Mama alisema, aliyeharibu lazima atie mkono, kwa hiyo ukili mmoja katika mkeka huo nimeusuka mimi. Unajua ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo tepe zishonwe pamoja. Wangu utautambua bila kuulizwa. Ndio ule wa ukingoni uliopinda kama mkia wa mbuzi. Nilitaka kuufumua mara tatu, Mama akakataa. Akasema Raniya akiuliza mkeka umepindwa na nani, ajibiwe kwamba ni shangazi yake msomi.

Na sasa kuna balaa jipya. Mama amejifunza yale maneno. Alinikalisha nimfundishe, akayatia ulimini mpaka yakamkaa: "Yushudinti hevu." Bi Time alipoleta mkate wa kumimina juzi, Mama akaupokea kwa mikono miwili, akamwangalia usoni, akamwambia, "Yushudinti hevu!" Bi Time akautazama mkate wake. Akauliza, "Kwani una nini? Niurejeshe?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu tuondokewe na Baba sijamsikia akicheka hivyo. Sasa anamwambia kila mtu, muuza samaki, daktari wa sukari, hata mimi nikimpa maji ya kutawadha.

Mtihani wangu ni mwezi wa kumi na moja. Niombee dua. Nikifaulu nitashukuru, nikianguka nitawafundisha wadogo, na wala sitojuta, maana nilichokwendea huko nimekipata bila kukijua. Ninachokuomba wewe ni kazi moja. Mkalishe wifi, umfasirie barua hii yote, neno kwa neno na maana kwa maana, na popote usipopafahamu usiparuke. Mwambie namwomba radhi. Mwambie najua aliyangoja majibu ya kadi yake, na majibu hayakuja, na kosa halikuwa lake wala la Mama.

Jana nilimwuliza Mama ana salamu gani za kupeleka. Alikuwa anaushona ukingo wa mwisho, uzi mdomoni. Akautoa akasema, "Huyo nke wa Maher angekuja. Angekuja na kitu chochote mkononi, hata paketi ya biskuti. Nami ningempokea pano mlangoni, ningemwambia yale maneno yake."

Nilisikiliza kwa makini, Kaka, maana siku hizi ndiyo kazi yangu. Alisema angekuja, hakusema angalikuja. Nikamwomba arudie, nikijitia sikusikia, naye akarudia vile vile.

Bi Time anakusalimu sana, na anasema karafuu zake mwaka huu zimewashinda nyote. Mwalimu Abdulsamad hakujui lakini anakusalimu, na Shaame anasema mkija atamletea wifi sahani ya matunda na safari hii hairudishi. Wabusu Badar na Raniya. Mwenyezi Mungu akulindeni huko ugenini, akupeni afya na riziki ya halali, na atukutanishe sote katika nyumba hii, chini ya paa lile lisiloezuliwa, Mama akiwa hai na mlango ukiwa wazi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye ukili uliopinda,

Rawya